Mtungi Nisioupima

Mwezi uliopita kampuni yetu iliniomba niwe mkufunzi wa wazamiaji, nikakataa. Niliandika barua fupi yenye adabu, nikasema nina majukumu ya familia. Ulikuwa uongo. Nilikataa kwa sababu ya mtu mmoja anayeishi Nkololo, ambaye mguu wake wa kushoto unaburuzika, na kwa miaka sita niliamini mguu ule niliuharibu mimi. Jina lake silitaji. Sisi tuliofanya naye kazi hatukuwahi kulitumia. Tulimwita Mkufunzi, na hata mkewe akipiga simu kambini aliuliza kama Mkufunzi ameshakula.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana nikiwaambia watu wa Bariadi kwamba mimi ni mzamiaji hunitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, kisha huuliza ninazamia wapi, kwenye lambo? Kweli kuogelea nilijifunzia kwenye lambo la ng'ombe kule Sapiwi, nikichapwa kila nikirudi na nywele mbichi. Lakini mkoa wetu unafika ziwani upande wa Busega, na kule kuna midomo ya mabomba yanayovuta maji. Midomo hiyo ina chujio, chujio huziba kwa majani na konokono, na lazima mtu ashuke kulisafisha. Kazi ya ziwa ikiisha tunasafiri hadi pwani, tunakwangua matumbo ya meli na kukagua nguzo za magati. Tunasafiri na mitungi yetu wenyewe, na kila tunapofika swali ni moja, tutajaza wapi?

Hewa ya kawaida, hii ya bure, ina oksijeni sehemu ishirini na moja katika mia. Sisi hujaziwa hewa iliyoongezwa oksijeni hadi thelathini na mbili, wakati mwingine zaidi, nayo huitwa naitroksi. Ukiipumua unakaa chini muda mrefu bila naitrojeni kukujaa sana mwilini. Oksijeni ikizidi na ukashuka kina kisichofaa, unashikwa na degedege majini. Ikipungua, ukadhani unapumua naitroksi kumbe ni hewa ya bure, unakaa chini kuliko inavyoruhusiwa, na ukipanda ile naitrojeni inatengeneza mapovu kwenye viungo na uti wa mgongo. Ndiyo maana kila mtungi hupimwa baada ya kujazwa kwa kipimo kidogo kinachoshikika mkononi, na anayepima ni yule yule atakayeupumua. Anaandika asilimia kwenye tepu nyeupe, anaandika kina cha mwisho, anaandika jina lake, anaibandika mtungini.

Mkufunzi alikuwa mfupi, shingo nene, kofia ya pama iliyopoteza rangi. Salamu yake ya asubuhi ilikuwa "Umepima?" Hata siku za mapumziko. Mpishi wetu wa kambini, mama mmoja wa Lamadi asiyejua kuogelea, aliulizwa hivyo hivyo mlangoni mwa jiko, akawa anajibu, "Nimepima, baba, chumvi iko sawa."

Kipimo chenyewe alikifunga ndani ya pamba ya shambani kwake, pamba mbichi yenye mbegu, kisha kwenye kopo la maziwa ya unga. Kabla ya kupima mtungi alikipimia hewa ya nje, mbali na magari, akisubiri kisome ishirini nukta tisa. Aliposimama hivyo uwanjani, mkono juu, watu walimdhania anatafuta mtandao wa simu. "Hewa ya Nkololo na hewa ya Ulaya ni ile ile," alipenda kutuambia. "Msibabaishwe na mtu mwenye duka zuri."

Maduka mazuri tuliyaona mengi. Ukienda kujaza naitroksi unatakiwa uonyeshe cheti, na kadi ya Mkufunzi ilikaa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko wa shati, imekunjamana pembeni. Kwenye kisiwa kimoja mwenye duka, mzungu mmoja mrefu, aliitazama kadi, akamtazama Mkufunzi, akaitazama tena kadi. Mkufunzi hakukasirika. Alianza kusalimia. Kwetu salamu ni ndefu, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na yeye aliitafsiri yote kwa Kiswahili bila kupunguza hata moja, huku anatembea taratibu kuzunguka duka. Alipofika kwenye habari za mvua alikuwa ameshafika nyuma ya jengo na ameona bomba la kompresa linavuta hewa wapi. Lilikuwa linavuta karibu na dirisha la jiko, na jikoni walikuwa wanakaanga kwa mkaa.

"Bwana," akasema, "mitungi yangu utaijaza moshi."

Yule mzungu alibisha, akatoka kuangalia mwenyewe, akarudi amekuwa mwekundu. Bomba lilihamishwa mchana ule ule, na tulipopita tena miezi mingi baadaye yeye ndiye aliyeanza kuuliza habari za ng'ombe.

Neno lenyewe naitroksi lilimshinda. Kisukuma chetu hakina haja na "r", kwa hiyo alisema "naitiloksi," na vijana wa maduka ya pwani walimwigiza wakicheka. Aliwaacha wacheke. Kisha aliomba daftari lao la kujazia mitungi, akasoma mistari ya nyuma kidole kikipita chini ya kila mstari, na kuuliza kwa nini siku fulani mitungi saba ina asilimia ile ile isiyobadilika hata nukta. Hapo kicheko kilikatika, kwa sababu kila mtu alijua jibu. Mtu alikuwa amepima mmoja na kunakili sita.

Kitu alichokichukia kuliko uvivu kilikuwa mafuta. Oksijeni nyingi ikikutana na mafuta inaweza kuwaka, na sisi watu wa Simiyu ngozi zetu hukauka, asubuhi tunajipaka mafuta hadi viwiko vinang'aa. Alitunawisha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa valvu, wote, mmoja mmoja, naye akisimama na ndoo kama tunaingia kwenye sherehe. Dereva wetu, mtu wa Kimali, alisahau mara moja. Tukiwa njiani kwenda Tanga valvu moja ilikuwa ngumu kufungua, na yeye kwa roho safi kabisa akachukua samli aliyopewa na mama yake, akaipaka. Kwao hata bawaba ya zizi hupakwa samli. Tulipofika dukani mjazaji akainamia mtungi, akavuta pua, akauliza nani ameleta pilau.

Mkufunzi alimtoa dereva nje. Tulitegemea kusikia kelele. Badala yake tulimwona anamweleza kwa mikono, polepole, jinsi mtungi ule ungeweza kumng'oa yule mjazaji uso. Dereva alirudi analia. Mtungi ukakataliwa, ukapelekwa kuoshwa, tukapoteza siku mbili za kazi, na kampuni ilipouliza sababu Mkufunzi akaandika kwamba kosa ni lake, hakufundisha vizuri. Samli iliyobaki akaila na ugali jioni ile ile, akaisifu.

Alikuwa na mambo yasiyopatana ndani yake. Mtu huyu aliyepima kila kitu hadi nukta, ukimuuliza ana ng'ombe wangapi alijibu, "Wapo." Nilimchokoza siku moja tukiwa tunasubiri kivuko.

"Mkufunzi, wapo kumi?"

"Wapo, mayu."

"Wapo hamsini?"

"Ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Unataka wafe?"

"Na mitungi je?"

"Mitungi haizai," akasema, akafunga macho.

Mayu kwetu ni mama, na ni jina la heshima kwa mwanamke yeyote, hata binti. Nilikuwa mwanamke pekee kikosini, na yeye aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, nikiwa bado sijui kufunga kiunoni mkanda wa vipande vya risasi, ule mzito unaotuzamisha. Wengine waliokuwa wananiita "mrembo" wakaacha bila kuambiwa. Lakini hakunipendelea. Mara tatu aliniondoa majini mbele ya watu kwa sababu tepu yangu ilikosa tarehe. Nilimchukia siku hizo, nasema kweli. Nilikaa kwenye jiwe na suti yangu kavu, nikimtukana kimoyomoyo kwa Kisukuma, ambacho kwa matusi kinatosha.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Nilitumwa Mwanza pamoja na dereva kujaza mitungi mitano. Kazi ya kesho yake ilikuwa kwenye chujio la ndani kabisa, mita ishirini, kazi ndefu. Mjazaji alichelewa, kisha alijaza yote kwa pamoja, na nilipoanza kupima dereva alikuwa ameshawasha gari kwa sababu kulikuwa na matengenezo ya barabara na wangefunga njia. Nikapima minne kwa niaba ya wenzangu, ingawa kila mmoja angeurudia wake. Yote ilisoma thelathini na mbili na kitu. Wa tano ulikuwa wa Mkufunzi. "Dada, nimejaza kwa mpigo mmoja," mjazaji akasema, "huo nao ni huo huo." Nikaandika thelathini na mbili kwenye tepu, kwa mkono wangu, nikabandika.

Najua ungeweza kusema huo haukuwa wangu kupima, ni wake. Ni kweli, na nilijiambia hivyo njia nzima. Lakini asubuhi, ufukweni, alishika mtungi wake, akasoma tepu, akaniuliza, "Umepima?"

Nikasema, "Nimepima."

Sijui kwa nini. Labda sikutaka jiwe lile tena. Akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote kikosini. "Basi leo nimekuamini." Nikaenda kubadilisha nguo nikiwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja. Alishuka, akafanya kazi saa nzima, akapanda, tukala, tukamwacha kwenye nyumba ya wageni Lamadi apumzike, sisi tukarudi Bariadi.

Siku ya tatu tukapata habari kwamba Mkufunzi yuko hospitali Arusha, mguu umekufa ganzi, madaktari wanasema ni ugonjwa wa wazamiaji. Tulidhani amekimbizwa huko kutibiwa, na kikosi kizima kilisema ni bahati mbaya ya kazi. Mimi peke yangu nilijua kuhusu ile tepu. Mtungi ulikuwa umeshasafishwa na kujazwa upya, hakuna wa kuuliza tena ulikuwa na nini. Nikahitimisha kwamba ulikuwa na hewa ya bure, kwamba alikaa chini kwa kuamini namba yangu, na kwamba uongo wa neno moja ulimlaza kitandani. Alipotoka hospitali alirudi Nkololo na fimbo, akaacha kazi. Kutoka Sapiwi kwenda kwake ni safari ndogo tu ya pikipiki. Sikwenda. Miaka sita nilituma salamu kupitia watu, nikajificha nyuma ya salamu hizo. Yeye naye hakunipigia hata mara moja, nikajua amejua.

Kwa hiyo kampuni iliponiomba nifundishe wengine kupima, ningewaambia nini? Nilimweleza dereva peke yake, mtu wa samli, kwa sababu aliniuliza mbona nimekataa cheo, na nilikuwa nimechoka kunyamaza. Nilimwambia, "Ni mguu wa Mkufunzi," nikamsimulia yote. Nilimwapisha asiseme.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nyumbani kwa mama Sapiwi, nachambua mchele uani, pikipiki ikaingia. Nyuma yake ameketi Mkufunzi. Nilimtambua kwa shingo, maana kofia ilikuwa mpya. Akashuka kwa shida, akatanguliza fimbo, kisha mguu mzima, kisha ule mwingine. Nilisimama, sinia likaanguka, mchele wote ukamwagika, na kuku wakaja mbio.

"Mwadila, mayu," akasema.

"Mwadila, baba."

Tukasalimiana yote, nyumbani, watoto, mvua. Mama akamletea kiti, akamletea michembe kwenye bakuli, akarudi jikoni kutuacha. Mkufunzi akala vipande viwili vya vile viazi vikavu, akavitafuna sana, akameza.

"Dereva amekuja kwangu juzi," akasema. "Usimgombeze. Amesema umekataa kufundisha kwa sababu yangu."

Nikapiga magoti pale pale kwenye mchele. Nilikuwa nimepanga maneno kwa miaka sita, na yote yakanikimbia. Nikasema tu, "Sikuupima. Ule mtungi wako. Nilikwambia nimepima, na sikuupima."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua siku ile ile. Kizibo cha valvu kilikuwa bado na utepe wa dukani, haujakatwa. Mtu anapimaje mtungi bila kufungua kizibo?" Akasogeza bakuli pembeni. "Ulipokwenda kubadilisha nguo nilichukua kipimo changu, nikaenda nyuma ya gari, nikaupima. Ulikuwa na thelathini na mbili nukta moja. Nikaacha tepu yako kama ilivyo, nikashuka."

Nilimtazama. Sikuelewa, au nilielewa na moyo ulikataa kupokea haraka hivyo.

"Na mguu?" nikauliza.

Hapo yeye ndiye aliyeinamisha kichwa. Mtu aliyetutoa majini kwa ajili ya tarehe, alikaa anachora chini kwa ncha ya fimbo.

"Nyinyi mlipoondoka Lamadi, simu ikapigwa. Binti yangu alikuwa Arusha, anajifungua, mambo yameharibika. Pale pale kulikuwa na gari linaelekea huko kwa njia ya hifadhini. Nikapanda. Unaijua njia ile inapita wapi?"

Niliijua. Inakata Serengeti, kisha inapanda hadi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, juu kabisa, baridi na ukungu. Na mzamiaji akitoka majini hapaswi kupanda ndege wala mlima hadi siku nzima ipite, kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi na naitrojeni iliyobaki mwilini hutoka kwa fujo. Sisi sote tulifundishwa hivyo, na aliyetufundisha ni yeye.

"Mguu ulianza kufa pale juu ukingoni," akasema. "Nilikuwa natazama ukungu, nikajua kabisa ni nini. Nikamwambia mwenye gari asisimame."

"Na binti?"

"Mzima. Na mjukuu yupo, anasoma." Akafuta kwa fimbo alichokuwa amechora. "Ningewaambiaje nyinyi? Mkufunzi mzima. Nikaacha mseme ni bahati mbaya ya kazi. Ulipokuwa huji, nikafikiri umegundua, unanidharau. Sikujua wewe umejitwisha, mayu. Ningejua ningekuja hata kwa kutambaa. Unisamehe."

Nitasema nilivyohisi, kama ilivyokuwa. Kwanza nilikasirika. Miaka sita! Mara ngapi nimekesha nikitazama dari! Lakini hasira haikudumu hata kufika mdomoni, kwa sababu kitu kingine kilikuwa kinafunguka kifuani na kilikuwa na nguvu zaidi. Nikavuta pumzi, ikaingia yote, ikafika chini. Sikuwa nimejua kwamba kwa muda wote ule nilikuwa napumua nusu.

"Tangu siku ile," akauliza, "umewahi kuacha kupima?"

"Napima mara mbili. Wananicheka."

"Basi kawafundishe."

"Ila ulisema umeniamini," nikasema. "Ulisema mbele yangu, leo nimekuamini."

"Nilikudanganya," akasema, bila aibu yoyote safari hii. "Nilitaka uone haya, uje useme mwenyewe jioni. Mimi nikuamini wewe na mtungi wangu? Hata mke wangu simwamini na mtungi wangu."

Nikaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko, nikiwa bado nimepiga magoti kati ya kuku. Mkufunzi naye akashikwa, mabega yakitikisika, kofia mpya ikadondoka. Mama akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, amedhani tumeletewa msiba.

"Kuna nini? Amesema nini?"

"Hakuniamini, mama," nikamwambia, nikifuta machozi kwa khanga. "Hakuwahi kuniamini hata siku moja."

Mama akamtazama mgeni, akanitazama mimi. "Sasa ndiyo unashangilia?"